Nilichosahau Kusema Bonge Alipopelekwa Karantini

Walisema kule ng'ambo mbwa wa kigeni akionekana haeleweki anachomwa sindano, na habari yake inaishia hapo. Maneno hayo niliyapata kwa fundi cherehani jirani yangu, naye aliyapata kwa mteja, na mteja sijui aliyaokota wapi. Yaliponiingia sikioni hayakutoka tena. Naosha vyombo, nayasikia. Natandika kitanda, nayasikia.

Mbwa mwenyewe ni wa binti yangu. Alimlea tangu kitoto, kisha akapata kazi ng'ambo akaniachia. "Mama, nishikie tu mpaka nipate pa kukaa," aliniambia. Kumshikia huko kukawa miaka. Tulimwita Bonge kwa utani, maana alikuwa mbavu tupu. Sasa binti kapata chumba kinachoruhusu mnyama, kwenye jengo ambalo, anasema, unaweza kupishana na mtu kwenye ngazi mwaka mzima asikupe hata salamu. Kila akipiga simu anajidai ana mafua. Mimi ndiye niliyemzaa, najua mafua yake na najua kilio chake. Kwa hiyo Bonge ilikuwa lazima aende. Kwangu hakuwa mbwa anayesafirishwa, alikuwa mtu wa kwenda kukaa na mwanangu.

Daktari wa mifugo alianza na kidude kidogo kama punje ya mchele, akakiingiza chini ya ngozi ya shingo. Kina namba ya kumtambulisha. Ndipo akamchanja kichaa cha mbwa. "Kidude kwanza, chanjo baadaye," alisema. "Ukigeuza, kule wanahesabu hajachanjwa." Kisha damu ikapelekwa kupimwa, tukakaa kusubiri majibu. Mimi kila tukienda nina swali langu lile lile.

"Daktari, na ile sindano nyingine?"

"Ipi tena, mama?"

"Ile ya kumaliza."

Akavua miwani. "Mama, atawekwa karantini, wamwangalie kama hana ugonjwa, halafu atatoka. Huyu mbwa ni mzima kuliko mimi."

"Sawa, lakini wewe husafiri," nikamwambia.

Siku chache kabla ya safari binti akapiga. "Mama, watu wa karantini wanauliza kama Bonge ana tabia yoyote ya pekee."

"Tabia? Waambie ana adabu kuliko wewe na kaka yako."

Akacheka, nami nikacheka, tukaruka hapo. Kichwa changu kilikuwa kimejaa sindano, hakikuwa na nafasi ya kitu kingine.

Tulimpeleka kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, yeye ndani ya kizimba chake. Nikapitisha kidole kwenye waya, akakilamba. Walipomsukuma kwenye toroli hakubweka. Aligeuza shingo tu, akawa ananitazama mpaka mlango ukafungwa. Mume wangu, baba yao, akasema vumbi la pale ni baya sana, akatoa kitambaa.

Alifika salama. Baadaye simu ikalia.

"Mama, Bonge hali."

"Hali nini?"

"Hali chochote. Wanamwekea chakula, anakaa mbele yake, mate yanamtoka, anamtazama anayemlisha, hagusi. Wamebadilisha chakula, bado. Daktari wa kule kampima, haoni kitu. Wanasema akiendelea hivi wanamhamishia chumba cha wagonjwa."

"Si uende ukamwone?"

"Mimi bado siruhusiwi, mama."

"Na akishahamishiwa huko kwa wagonjwa?"

"Sijui, mama."

Nilikaa chini palepale jikoni. Sindano ile niliiona kama imewekwa mbele yangu kwenye sinia.

Mchana ulipofika nikapakua chakula, kwa kuwa watu lazima wale. Nikamwekea baba yao sahani, nikageuka kuchukua maji. "Haya, kula baba," nikasema.

"Mbona nimeshaanza," akajibu mdomo umejaa. "Anayengoja ruhusa yako ni Bonge, si mimi."

Nikasimama na jagi mkononi.

Wakati fulani wezi walirusha nyama yenye sumu juu ya kuta za mtaa wetu, mbwa wa majirani wakafa. Ndipo nikamfundisha Bonge asiguse chakula mpaka nipige goti, niseme, haya, kula baba. Akashika. Hata umwekee maini, atakaa. Nikawa nasema kila siku kama mtu anavyopumua, mpaka nikasahau kwamba ni amri. Na binti hakuijua, alikuwa keshaondoka. Kumbe mwenzangu yuko kule ana njaa, chakula kiko puani, anangoja ruhusa kutoka kwangu.

Nikajirekodi, nikatuma. Wakamsikilizisha. Bonge akainuka, akazunguka nyuma ya simu kunitafuta, akaenda mlangoni, akalia. Chakula hakukigusa.

"Usiwape tena sauti yangu," nikamwambia binti. "Mwambie huyo anayemlisha aseme mwenyewe. Na apige goti."

Binti akamfundisha kwa simu, na ni mtu mzima mwenye ndevu. Akapiga goti, akasema, "Aya, kula papa." Bonge akainamisha kichwa upande, akamtazama kwa muda mrefu, kama anamuuliza, wewe nani kakutuma. Halafu akashusha mdomo. Alilamba bakuli mpaka likatembea sakafuni.

Nilifurahi, sitasema uongo, ingawa ilinichoma kidogo kusikia anakula kwa sauti ya mwingine. Lakini si ndiyo nilimpeleka akapate watu huko? Karantini ilipokwisha binti alimchukua. Anasema akitoka kazini Bonge anamlalia miguuni, hata kunyanyuka kupika ni kazi.

Wewe unayetaka kumsafirisha mnyama wako, epuka haya:

Kumchanja kabla ya kuwekewa kidude.

Kununua kizimba siku ya safari. Akizoee kwanza nyumbani, alale humo.

Kumpa dawa ya usingizi uliyoshauriwa na jirani.

Kuuliza mambo ya karantini kwa fundi cherehani.

Kujibu "ana adabu" ukiulizwa tabia zake. Sema anakulaje, analalaje, anaogopa nini, anaitwaje.

Kumfundisha amri inayojulikana na mtu mmoja tu.

Kulia karibu na kizimba. Lia ukifika nyumbani.