Bisibisi ya Kusikilizia

Mtaa mzima ulimwita Sikio, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Mafundi wengine hupapasa injini kwa mkono. Yeye aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini akaupachika kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho, kisha akautaja ugonjwa. Aliapa kwamba siku moja aliwasikia siafu wawili wakigombana ndani ya kabureta, na mwenye haki alikuwa yule mdogo.

Hayo yalikuwa zamani. Kiwanda cha mbao kilimpa kiinua mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili misumeno yake ikaondoka na masikio. Tangu mwaka jana dunia ilikuwa imemfungia mlango. Hakumwambia mtu. Alijifunza kutazama midomo, kucheka wenzake wakicheka, na kuitikia "ndiyo" kwa kila kilichompita. Mkewe alidhani ni kiburi cha uzee. Binti yao hakudhani, alishatoa hukumu: "Baba, siku masikio yakigoma, pikipiki naiuza. Sitaki kuwazika wawili kwa lori moja."

Na pikipiki ile ndiyo ilikuwa miguu ya mkewe. Nyonga za mama huyo zilishakataa kazi, na ng'ambo ya kilima mdogo wake alikuwa kitandani, akiisha kidogo kidogo kama sabuni. Kila Jumapili mzee alimfunga mkewe mgongoni pake kwa shuka, wakapanda kilima.

Leo ilikuwa Jumamosi, siku ya sevisi. Mzee alitandika gunia uani, akapanga vyombo vyake: spana namba kumi na saba, bisibisi, brashi ya cheni, kopo la grisi, chupa ndogo ya mafuta ya breki. Galoni ya oili mpya aliiweka dirishani, kivulini. Akafungua nati chini ya injini, oili chafu ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii. Zamani alingoja kwa sikio: to... to... tone la mwisho likishaaga, anafunga. Siku hizi alingoja kwa kukisia. Akakaza nati, akajifuta mikono, akageuka kuchukua galoni.

Ndipo fundi cherehani, jirani yao wa ukuta mmoja, alipotokea na futi yake ya kupimia shingoni.

"Shemeji Sikio! Mgonjwa anaendeleaje?"

Mwanamke huyu alikuwa na midomo mipana iliyosomeka kama bango. Mzee alimpenda kwa hilo.

"Mgonjwa gani? Huyu hajawahi hata kukohoa. Ila mwaka ule nilipomsikiliza, si nilimkuta panya kwenye silinda!"

"Panya!"

"Na wanawe saba. Namsikia anawaambia, shikaneni, mzee anaingia kwenye kona."

Fundi cherehani akashika mbavu. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. La kwako linasikia hata yasiyokuwapo!"

Mzee akacheka kwa kuwa mwenzake alicheka. Hadithi ikanoga, mkono ukaenda nayo: akasugua cheni, akaipaka grisi, akaongeza mafuta ya breki kidogo. Hadi panya anamwoza binti yake wa kwanza, cheni ilikuwa inameta. Galoni ilikuwa pale pale dirishani, kifuniko hakijaguswa.

"Sasa tumsikilize," mzee akasema. Akapiga kiki, akavuta mafuta, akaweka bisibisi, akafumba macho.

Kimya. Bisibisi ilimtetemesha mfupa kuliko kawaida, akaulaumu mkono.

Alipofumbua macho, fundi cherehani alikuwa anarukaruka, mikono juu, futi imeanguka. Midomo ile mipana ilikuwa inasema kitu kimoja tu: "Zima! Zima!"

"Nzima!" mzee akaitikia, akapigapiga tangi. "Nzima kabisa! Si nilikwambia?"

Mlangoni, mkewe alikuwa ameng'ang'ania fremu, anajaribu kusimama kwa nyonga zisizosimama, na midomo yake ilitoa neno lile lile. Mzee hakuwa amesifiwa hivyo na watu wawili kwa mpigo tangu astaafu. Akavuta mafuta zaidi, wapate kusikia vizuri.

Moshi ndio uliomfikishia habari, puani. Injini ikajikaza ghafla, bisibisi ikatulia sikioni. Fundi cherehani alikuwa ameshamfikia, ameshazungusha ufunguo, bure. Kimya kilichofuata hakikuwa na tofauti yoyote na kile kilichotangulia.

Mzee akatazama dirishani. Galoni ilikuwa imejaa.

Akakanyaga kiki. Haikushuka. Akaipandia kwa uzito wake wote, ikawa kama anakanyaga ukuta. Injini ilikuwa imenoki, vyuma vimeshikana kwa kukosa oili.

"Ni yule panya," akasema.

Hakuna aliyecheka. Hilo aliweza kuliona.

"Shemeji," fundi cherehani akasema polepole, anamkazia macho, "tulikuwa tunapiga kelele uzime. Hukusikia?"

Mzee alimgeukia mkewe. Mama alikuwa amerudi kitini, amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Mdogo wangu ananingoja," akasema ndani ya kitambaa. "Kesho nitafikaje, baba?"

Midomo haikuonekana. Kilichoonekana ni macho yake tu, yanangoja jibu. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama alivyozoea.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo, ndiyo."