Robo ya Moto

Bosi aliniambia nimezeeka mbele ya watu, tena asubuhi, tena mbele ya mikate yangu. Aliupasua mmoja katikati, akauminya, ukabonyea kama udongo wa kufinyangia.

"Wiki ya pili hii, Bi Hamira. Nje umeiva, ndani mbichi. Mkono wako umechoka. Jumatatu anakuja mwokaji mwingine."

Hamira ni jina walilonibandika pale kazini, maana nikikasirika navimba. Siku hiyo nilivimba hasa. Miaka kumi na tisa nimeoka katika chumba kile, napima unga kwa mzani na maji kwa kikombe kilekile. Machozi yalinilenga, nikayameza. Kulia mbele ya bosi ni kumpa cha kusimulia.

"Mkono wangu mzima," nikasema. "Tanuri ndilo halina moto."

Fundi wa pale akaangua kicheko. Tulimwita Nimemaliza, kwa sababu neno hilo humtoka hata kabla hajafungua mkoba wa vifaa. "Mama, tanuri nimelitengeneza mwenyewe wiki mbili zilizopita. Si mnakumbuka fyuzi ilivyokuwa inaungua kila mara? Tangu nilishike, imeungua tena?"

"Haijaungua," wakajibu wanawake wa kufunga mikate.

"Basi tanuri zima. Nimemaliza."

Bosi akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo tulivyozoea pale: fyuzi ikinyamaza, tanuri ni zima. Lakini hata maiti amenyamaza.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi umeme, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemshikia tochi. Mshika tochi huona kila kitu, kwani hana kingine cha kufanya. Kipimo chake cha umeme nilikuwa nacho mkobani siku ya tatu hiyo, nikiogopa kukitoa. Nikakitoa.

"Unakwenda wapi na hicho?" Nimemaliza akauliza.

"Nyuma ya tanuri lako."

Nikavaa glavu za mpira, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikaliwasha. Nikagusisha ncha mbili za kipimo: volti mia mbili na arobaini. Nikaubana waya mmoja kwa taya la kipimo, linalosoma umeme unaopita: ampea tano. Meza ilikuwa na unga, nikaandika humo kwa kidole, kila mtu aone.

"Volti zidisha kwa ampea, unapata wati. Mia mbili na arobaini mara tano, elfu moja na mia mbili. Bosi, hebu nisomee wati kwenye bamba la mlangoni."

Bosi akainama, akapangusa masizi. "Elfu nne na mia nane."

"Mnanitaka nioke mkate mzima kwa robo ya moto!"

"Labda leo umeme ni mdogo," Nimemaliza akasema.

"Volti hizo hapo, hazijapungua hata moja. Sasa gawanya: volti kwa ampea, uone ukinzani, yaani umeme unavyozuiwa njiani. Arobaini na nane. Bamba linataka ampea ishirini, kwa hiyo ukinzani uwe omu kumi na mbili tu. Humu mna koili mbili za kutoa moto, kila moja omu ishirini na nne. Zikifungwa sambamba, umeme una njia mbili, ukinzani unashuka hadi kumi na mbili. Wewe umezifunga mkia kwa kichwa, umeme umalize hii ndipo uingie ile. Ishirini na nne jumlisha ishirini na nne?"

Akatazama viatu vyake. "Arobaini na nane."

"Ulifanya hivyo fyuzi isiungue."

"Fyuzi ilikuwa ya ampea kumi na tano," akasema polepole. "Nilidhani tanuri ndilo linakula sana."

Lilikuwa linakula haki yake. Akazima umeme, akazifunga koili upya, akaweka fyuzi ya ishirini na tano. Nikapima tena: ampea ishirini. Nikapanga mikebe ndani, nikafunga mlango, na baada ya nusu saa chumba kizima kikanukia mkate ulioiva. Nilikuwa sijaisikia harufu ile kwa wiki mbili, nikafurahi kama mtoto.

Bosi akanisogelea, akanong'ona. "Mama, Jumatatu njoo kama kawaida. Yaishe."

Nikauegemea mlango wa tanuri, nikakunja mikono. "Ulisema kwa sauti. Yaishe kwa sauti."

"Mikate itaungua!"

"Itaungua."

Wanawake wakaacha kufunga. Nilikuwa naumia, maana sijawahi kuunguza mkate kwa makusudi maishani mwangu, lakini sikusogea. Bosi akatazama saa ya ukutani, akanitazama, akatazama saa tena. Harufu ikaanza kugeuka.

"Jamani!" akapaza sauti. "Nilimsingizia huyu mama. Tanuri ndilo lilikuwa bovu, naye alisema, nikambishia. Jumatatu haji mtu mwingine. Mwokaji ni yeye."

Nikafungua. Safu ya chini ilikuwa ya dhahabu, imeiva hadi ndani. Ya juu ilikuwa imeungua ganda. Bosi akanyoosha mkono kwenye safu ya chini. Nikausukuma pembeni, nikamwekea mweusi kuliko yote.

"Huu ni wako. Ni dakika zako ulizokuwa unafikiri."

Akaula akiwa amesimama, na ganda lake.