Aliyetumwa na Shangazi

Munira alipewa kazi moja tu: aende kwenye mkutano wa mtaa, asubiri nafasi ya maswali, aulize kisima kitatoa maji lini, kisha arudi na jibu. Shangazi yake, Mwanne, angekwenda mwenyewe, lakini mguu wake ulikuwa umefungwa plasta ngumu tangu alipoteleza na ndoo akitoka kuchota maji mtaa wa jirani.

"Uliza kabla hawajapongeza," Shangazi alimwonya, akiwa amelaza mguu juu ya stuli. "Leo wanapitisha azimio la kuupongeza uongozi kwa kukamilisha kisima. Wakishapongeza, basi. Kitu kilichopongezwa hakitengenezwi tena, mwanangu. Nani atamtuma fundi kwenye kisima ambacho kwa maandishi kinatoa maji?"

Munira aliona ni jambo jepesi. Alikuwa na miaka kumi na saba, amezaliwa na kukulia Tanga, anasoma kidato cha tano shule ya bweni kule Mpwapwa, na likizo hii alikuwa amekuja kumuuguza Shangazi huku Mkonze, pembezoni mwa jiji la Dodoma. Shuleni alijulikana kwa kipaji kimoja: akikosa, aliomba msamaha kwa unyenyekevu mkubwa kiasi kwamba mwalimu mwenyewe alianza kujiuliza kama si yeye aliyekosa.

Mtaa uliitwa Bubujiko. Hakuna kitu kilichowahi kububujika hapo isipokuwa hotuba.

Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya ofisi ya mtaa, na upepo wa kiangazi ulilipiga kama unalidai kodi. Wananchi walikaa kwenye viti vya plastiki. Meza kuu ilikuwa na kitambaa cha kung'aa, maua ya bandia, na safu nzima ya maji ya chupa. Munira aliyatazama yale maji, akatazama midomo mikavu ya wananchi, akaanza kushuku.

Akakaa kando ya mama mmoja mnene mwenye kanga ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa wapi?"

"Wa kwa Mama Mwanne."

"Aa, Mwanne. Jirani yangu huyo. Mimi Mama Erica." Akatabasamu vizuri kabisa, kisha akahamishia mkoba wake upande wa pili.

Mkutano ukafunguliwa. Mwenyekiti Zablon alikuwa mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, sauti ya mtu anayeongea na bonde zima. Pembeni yake alikaa Mtendaji, kijana aitwaye Frank, aliyehamishiwa hapo karibuni kutoka mkoa wa mbali na ambaye hakuacha kutazama nyuma ya viti kana kwamba kuna mtu amejificha.

"Wanaokubali mkutano ufunguliwe waseme ndiyo!"

"Ndiyooo!"

"Wasiokubali waseme siyo waliosema ndiyo wameshinda!"

Munira aligeuka kumtazama Mama Erica. Mama Erica alikuwa anapiga makofi. Mwenyekiti alikuwa ameyasema yale maneno kwa pumzi moja. Kati ya "siyo" na "waliosema" hata mbu asingepata pa kupenya. Wakapitisha ajenda kwa namna hiyo. Wakapitisha utaratibu wa kupitisha ajenda. Kila Mwenyekiti alipotua, vijana waliokaa nyuma na fulana nyeupe zinazofanana walipiga makofi, mara nyingine kabla sentensi haijafika mwisho. Munira alishuku kwamba neno "siyo" lilikwishafariki zamani katika mtaa ule, likazikwa kimyakimya, na wafiwa hawakutangaziwa.

Zilipobaki pongezi peke yake, akanyoosha mkono.

"Haya, wewe binti," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Jitambulishe."

"Shikamooni. Naitwa Munira. Naomba kuuliza, kisima kitaanza kutoa maji lini?"

Turubai lilipiga mara mbili. Mtu akakohoa. Frank akainama kumnong'oneza Mwenyekiti, na upole ukamtoka Mwenyekiti usoni.

"Wewe si mkazi wa hapa."

"Kweli, mheshimiwa. Ni mgeni."

"Basi umetumwa."

Hapa mtu yeyote wa Bubujiko angejua la kufanya. Angeweka mkono kifuani, angeapa kwa Mungu na kwa makaburi ya babu zake kwamba hajatumwa na mtu, kisha angekaa chini na kunyamaza hadi uchaguzi ujao. Maana kwa lugha ya mikutano, kutumwa si kwenda dukani kununua chumvi. Kutumwa ni kuwa mdomo wa adui. Lakini Munira alilelewa kwamba mtoto mwenye adabu ni yule anayetumwa akaenda. Akajibu kwa fahari:

"Ndiyo, mheshimiwa. Nimetumwa."

Viti vikalia. Watu wakasimama.

"Kakiri!" alipiga kelele Petro, dereva wa bodaboda, akiwa bado na helmeti kichwani. "Kakiri mwenyewe, mmesikia wote!"

"Umetumwa na nani?" aliuliza Frank, kalamu mkononi.

"Na Shangazi."

"Shangazi ndiyo nani?"

"Ni… shangazi."

"Msifikiri sisi watoto," alisema Petro. "Siku hizi hawatumii majina yao. Watu wakubwa hao."

"Makao yake wapi?"

"Nyumba ya tatu kutoka kanisani."

"Amekupa nini?"

"Chai na viazi vitamu."

"Si ndiyo wanavyoanzaga!" Petro akawageukia wenzake. "Wanaanzaga na chai!"

Huko nyuma, kwenye fulana nyeupe, habari zilikuwa zimeshakua. Munira alimsikia mmoja akimweleza mwenzake kwamba Shangazi ni shirika, lina ofisi nje ya nchi, na tayari limeshaharibu mitaa miwili.

"Mpigie huyo Shangazi," aliamuru Mwenyekiti. "Weka spika. Sisi hatuna cha kuficha."

Munira akapiga. Simu ikapokelewa, na sauti ya Shangazi ikatoka kwa lugha ya nyumbani kwao, Kisandawe, ulimi ukigonga kaakaa katikati ya maneno, haraka haraka, kama kawaida yake akiwa na hamu ya habari.

Frank alisimama hadi kiti kikaanguka. "Mnasikia? Anagonga! Hizo ni alama!"

"Kaa chini, Mtendaji," alisema Mama Erica. "Huyo ni Mwanne, na hicho ni Kisandawe. Anagonga hivyohivyo hata akikukaribisha chakula."

"Munira!" Shangazi akahamia Kiswahili, na spika ikampeleka mpaka viti vya mwisho. "Mbona kelele? Umeshauliza maji yanatoka lini? Wasikwambie mchakato unaendelea! Ukisikia mchakato, jua hakuna kitu!"

Mwenyekiti, ambaye alikuwa amefungua kinywa, akakifunga.

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya ni kikohozi. Mwenyekiti akaichukua simu kwa mkono wake mwenyewe. "Mama Mwanne, mtandao unasumbua," akasema, akakata, akamrudishia Munira simu yake. Kisha akauelekea mkutano.

"Ndugu wananchi. Wanaokubali kwamba swali hili lina nia mbaya waseme ndiyo!"

"Ndiyo," walisema, ingawa safari hii "ndiyo" ilitoka na mapengo.

"Wasiokubali waseme siyo waliosema ndiyo wameshinda! Binti, tupishe. Tunaingia kwenye pongezi."

Mgambo mmoja akaanza kusogea akipita kati ya viti. Munira alimwona akija, akauona akilini na mguu wa Shangazi juu ya stuli, mwaka huu na mwaka ujao, na ndoo zikitoka mtaa wa jirani. Hakuwa na jibu la kupeleka nyumbani. Kilichobaki ni kile kipaji chake.

Akapiga goti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimekosa. Mimi ni mtoto, tena mgeni, sikujua ukubwa wa jambo. Kabla sijatoka, naomba nami nipongeze."

Mgambo akasimama. Katika maisha yake hakuwahi kupewa amri ya kumtoa mtu anayepongeza.

"Naona uchungu," aliendelea Munira kwa sauti ya ibada, "kuona kazi kubwa ya mheshimiwa inapongezwa hapa, chini ya turubai, kama kazi ya mtu wa kawaida. Napendekeza mkutano mzima uhamie kisimani. Mheshimiwa afungue bomba kwa mkono wake. Mheshimiwa anywe glasi ya kwanza. Mheshimiwa apigwe picha akinywa, na picha itundikwe ofisini, wajukuu zetu waione."

Fulana nyeupe zilikuwa zimeshalipuka kwa makofi. Walikuwa wamezoea kupiga kila wanaposikia "mheshimiwa", na hapa lilikuja mfululizo. Mwenyekiti alimtazama Munira jinsi mtu anavyotazama zawadi iliyoachwa mlangoni bila jina. Alijua kuna kitu. Lakini hakukiona, na makofi yalikuwa yakiendelea, na kinywa chake kilikuwa kimezoea njia moja tu.

"Wanaokubali… waseme ndiyo."

"NDIYOOO!"

"Wasiokubali waseme siyo."

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, alisubiri. Alisubiri vizuri sana. Akamtazama Frank, akaitazama meza kuu, akazitazama hata fulana nyeupe, akiwapa wote muda wa kutosha. Hakuna aliyefumbua mdomo.

"Waliosema ndiyo wameshinda," alisema taratibu.

Kisima kilikuwa kizuri, hilo lazima lisemwe. Kilijengewa nguzo zilizopakwa rangi ya bluu, sakafu ya marumaru, na jiwe la uzinduzi lenye majina ya watu wengi kuliko waliowahi kuchota. Bomba liling'aa. Njiani baadhi ya kina mama walikuwa wamepitia majumbani mwao, wakafika na ndoo.

Mpiga picha akajiweka sawa. Frank akatoa glasi. Mwenyekiti akashika koki, akaifungua.

Bomba lilikohoa kama mkwe anayebisha hodi. Likatoa pumzi ndefu, kisha buibui mmoja, aliyetazama huku na huku akarudi ndani. Maji, hata tone.

"Kwa ajili ya picha tu, mheshimiwa," Frank alinong'ona.

Mwenyekiti akainua glasi tupu mdomoni, akainamisha kichwa nyuma, na kamera ikalia. Yote yangeishia hapo. Lakini alipoishusha glasi, kwa mazoea tu, alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Yakoje?" aliuliza Mama Erica.

Mwenyekiti akamtazama. Akawatazama watu wote.

"Matamu," akasema.

"Haya, ahsante Mungu. Tukinge basi." Mama Erica akaweka ndoo yake chini ya bomba, akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Hakucheka. Mama mwingine akaweka ndoo yake nyuma ya ile ya kwanza. Akaja wa tatu.

"Yanakuja taratibu," alisema Mwenyekiti. "Tumalizie pongezi, halafu…"

"Pongezi zipo," alisema Petro. Alikuwa amevua helmeti, anaitazama ndani kana kwamba anapima ingechukua lita ngapi. Akaenda kupanga foleni nayo. "Nikishakinga tu, Mwenyekiti, nitapongeza mimi mwenyewe. Mtaninyamazisha."

Hakuna aliyetukana. Hakuna aliyepinga chochote. Foleni ilizunguka nguzo za bluu, ikafika barabarani, na watu waliendelea kujiunga, kila mmoja akimtazama aliye mbele kwa wasiwasi asije akampita. Mbele kabisa alisimama Mwenyekiti, mkono kwenye koki, maana kila alipotaka kuiachia, Mama Erica alimwomba aizungushe kidogo tena, pengine imekwama.

Simu ya Munira ikaita.

"Wamepongeza?" aliuliza Shangazi.

"Bado. Wako foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya maji."

"Kumbe yanatoka!"

"Hapana, Shangazi."

"Na Mwenyekiti yuko wapi?"

"Ndiye aliyeshika bomba."

Munira alisikia stuli ikisogezwa, kisha mguno wa mtu anayesimama kwa mguu mmoja.

"Njoo uchukue ndoo yetu," alisema Shangazi. "Ile kubwa. Na kanyaga twende, tusije tukakuta foleni imefika kanisani."