Kichupa cha Kwapani

Enzi za ruksa, soko la Singida lilipofurika mitumba na kila mwenye nguvu akageuka mfanyabiashara, Abdulmajidi alikuwa hakai nyumbani. Leo yuko mnadani Ikungi, kesho Kintinku, kisha anageuza na marobota yake hadi Nduguti. Mambo yalimnyookea. Alijenga nyumba ya bati, akamnunulia mkewe Anifa cherehani, akamletea mama yake redio. Kilichokosekana ni mtoto, na ndoa ilikuwa inakwenda mwaka wa saba.

Mama yake, Bi Sijaona, hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Anifa, ila subira ilimwishia. Alikwishamtafutia mwanawe binti huko Ikungi, na kila Abdulmajidi alipotua mzigo alikumbushwa kwamba watu wanangoja jibu. Yeye hakukubali wala hakukataa. Alisema tu kwamba biashara imembana.

Anifa naye hakukaa bure. Alikunywa dawa za mizizi mpaka akachoka, kisha akaenda hospitali mwenyewe. Daktari Lazaro, mtu wa Iramba mwenye sauti ya taratibu, alimpima asimwone na kasoro, akamwambia amlete mume. Abdulmajidi aliposikia aliona kama katukanwa. Mwanamume mzima, anayebeba robota peke yake, akapimwe nini?

Anifa hakugomba. Alimtengea chakula, akangoja amalize, ndipo akasema, "Ukitaka kuoa, oa. Lakini kapime kwanza. Usije ukawatwisha wanawake wawili lawama ambayo pengine ni yako."

Maneno hayo yalimkaa kifuani njia nzima ya kwenda Kintinku na kurudi. Aliporudi alijipeleka kwa daktari, akapewa kichupa cha mdomo mpana pamoja na maelezo: mbegu azitoe nyumbani, azilete upesi, na njiani zisipate baridi. Kichupa akibane kwapani, ndani ya shati.

Asubuhi iliyofuata upepo ulikuwa mkali. Abdulmajidi alitoka amebana mkono wa kulia kama kuku aliyevunjika bawa. Hakufika mbali. Mbele ya duka la mafuta ya alizeti alikutana na mjomba wake Hussein, mzee asiyesamehe salamu ya mkato.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mzee akajibu, akanyoosha mkono.

Mkono wa mpwawe haukutoka. Alifikiria kutoa wa kushoto, akaona bora ardhi immeze. Akasingizia kwamba bega limeteguka. Kumbe kachokoza: Mzee Hussein alijisifu kwa kukanda viungo, na palepale barabarani akaanza kukunja mikono ya kanzu amkande. Abdulmajidi akaruka nyuma, akaomba radhi, akashika njia ya hospitali nusu anatembea, nusu anakimbia. Jasho lilimtiririka. Walau kichupa hakikupata baridi.

Daktari Lazaro aliweka tone kwenye kioo, akainamia hadubini kwa muda, kisha akampisha naye achungulie. Abdulmajidi alikaza jicho. Akaona vitu vidogo vyenye mikia, si vingi, vingine vimelala, vingine vikijikokota, na vichache vikikata mbuga kwa haraka. Aibu yote ikamtoka.

"Hivi vyote vimetoka kwangu?" aliuliza.

"Kila kimoja ni nusu ya mtoto. Nusu nyingine iko kwenye yai la mkeo, na yai likishatoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu zako ni chache, na nyingi zimechoka. Hebu niambie, safarini unakaa wapi?"

Abdulmajidi alikuwa akikaa mbele ndani ya lori, katikati, juu ya kifuniko cha injini, akibanana na dereva Naftali, amevaa suruali ya nailoni iliyombana. Daktari akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba korodani ziko nje ya mwili kwa sababu mbegu zinapotengenezwa zinataka ubaridi kidogo, naye amekuwa akizichoma miaka yote hiyo. Huenda si sababu pekee, alisema, lakini waanzie hapo. Mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa. Tena awe nyumbani siku ambazo Anifa anaona ute unaoteleza kama wa yai bichi, maana ndizo siku zenyewe.

Abdulmajidi aliuliza habari za watoto wa chupa aliowasikia redioni. Daktari akacheka, akasema hao ni wa Ulaya, ambako yai na mbegu hukutanishwa kwenye kioo kisha hurudishwa tumboni. Yeye aanze na suruali pana.

Abdulmajidi aliporudi alimkuta mama yake uani akipepeta uwele. Kabla hajaulizwa habari za Ikungi, alichuchumaa mbele yake.

"Mama, wale watu waambie hapana. Anifa ni mzima. Kasoro iko kwangu."

Ungo ulisimama. Bi Sijaona alimtazama mwanawe, kisha akamuuliza polepole kama anaumwa. Aliposikia kisa cha injini alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akajifuta macho, akaingia ndani kwa mkwewe, akakaa naye huko muda mrefu. Walichoongea Abdulmajidi hakukisikia, ila walitoka wameshikana mikono.

Tangu siku hiyo alisafiri juu ya mzigo, kwenye vumbi, ndani ya suruali pana aliyoshonewa na mkewe. Naftali alimuuliza kama wamekosana. Mara kadhaa aliuacha mnada wa Nduguti ukapita, na wenzake wakamcheka kwamba anamwogopa mke.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, Anifa alishindwa kuvumilia harufu ya mafuta ya alizeti. Daktari Lazaro alimpima, akampa mkono wa pongezi.

Alizaliwa mtoto wa kike, wakamwita Kauthar. Bi Sijaona alimwogesha mwenyewe kila asubuhi, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa pua ya mtoto na kuelezwa kwamba pua kama hiyo haipatikani ila upande wa bibi yake.