Dhamana ya Fundi Usijali

Jina la Usijali hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja. Alikuwa fundi wa lipu, bingwa wa nyufa, na ukimwonyesha ufa ukutani aliuangalia kidogo, akaupaka saruji, akausugua kwa ubao mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, kisha akatamka neno lake: "Usijali. Huu nakupa dhamana ya miaka kumi." Mvua zikija na ufa ukirudi, simu ya fundi ilikuwa haipatikani. Msimwite tapeli. Alikuwa tu na moyo laini, hakupenda kumwacha mtu na wasiwasi.

Basi lilipomtoka doa jeusi kwenye unyayo, karibu na kisigino, alilitibu kwa ufundi uleule: akalibandika plasta. Mkewe, Mama Mapacha, alimwambia aende hospitali.

"Usijali," akasema. "Halipanuki. Nalipima."

Na kweli alilipima, kila Jumapili, kwa futi ya kazini, ameketi kitandani mguu juu ya goti. Doa lilikaa palepale na fundi akajiona mtaalamu. Lilipoanza kutoa damu ndani ya kiatu, Mama Mapacha aliacha kubembeleza. Alimfungia mabuti yake ya kazi kabatini, akamwambia ufunguo ataupata akishaonwa na daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu, asiye na haraka. Alikata kipande cha lile doa akakipeleka maabara, na siku ya majibu akawakalisha mume na mke mbele ya meza yake.

"Ni saratani ya ngozi, Fundi. Inaitwa melanoma."

Mama Mapacha akaanza kulia kimyakimya. Fundi akatikisa kichwa. "Lakini Daktari, halijapanuka. Nimelipima mwenyewe."

"Upana si hoja sana. Kitu cha kwanza tunachotazama ni kina. Doa linaweza kuwa pana na likawa juujuu tu. Lingine ni dogo, kumbe limezama."

Fundi alitazama sakafu. Jambo hilo alilijua tangu ujana wake. Ufa wa kuogopwa si ule mpana, ni ule uliozama, na fundi yeyote wa lipu analijua hilo. Alilijua, na maisha yake yote alikuwa akilipaka saruji.

"Limeishia kwenye lipu," aliuliza kwa sauti ndogo, "au limefika kwenye tofali?"

Daktari alifikiri kidogo. "Limevuka lipu. Likiwa kwenye ngozi tu, jembamba, tunaita hatua ya kwanza. Likizama zaidi, ya pili. Likishafika kwenye tezi, kama hizi za kinenani, ni ya tatu. Likifika mbali, kwenye mapafu au ini, hiyo ni ya nne. Tutalikata pamoja na nyama ya pembeni, na tutatoa tezi moja tuipime. Hapo ndipo nitajua uko wapi."

"Daktari, wewe niambie tu nisijali."

Daktari akavua miwani. "Hunikumbuki, Fundi? Ulinipigia lipu ukuta wa sebuleni. Ukanipa dhamana ya miaka kumi. Ukapasuka mvua za kwanza." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Mimi dhamana sitoi."

Mama Mapacha, machozi yakiwa bado mashavuni, aliangua kicheko. Aliomba radhi, akacheka tena.

Fundi alikatwa lile doa. Kisha ikaja kazi ya kungoja majibu ya tezi, na fundi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hofu ilizidi wageni walipokuja kumpa pole. Majirani walimwambia asijali. Shemeji yake alimwambia asijali, huku akiangalia saa. Kila mmoja alitoka pale mwepesi, amefanya wema wake, na fundi akabaki na mguu wake juu ya mto. Alianza kulichukia lile neno.

Majibu yalipotoka, tezi ilikuwa safi.

"Hatua ya pili," daktari alisema. "Kati ya watu kumi wenye hali kama yako, kama wanane hivi wapo hai baada ya miaka mitano."

"Na wale wawili?"

"Sijui ni nani na nani. Ndiyo maana utakuja kila baada ya miezi mitatu nikukague, miaka na miaka."

Njiani Mama Mapacha alimshika mkono. "Wanane ni wengi," alisema. Fundi alikubali kwamba ni wengi. Usiku alilala akiwafikiria wale wawili.

Alipoweza kukanyaga, hakwenda kwa mteja mpya. Alikwenda nyumbani kwa daktari, anachechemea, tindo na nyundo mkononi, bila kuitwa, na dada wa kazi akamfungulia mlango. Safari hii hakupaka kitu. Aliugonga ule ufa, akaufukua, akaondoa tofali bovu moja baada ya jingine mpaka akafika chini kabisa, na sebule nzima ikajaa vumbi. Aliujenga ukuta upya, akaupiga lipu. Daktari aliporudi kutoka kazini alimkuta amekaa kwenye ndoo, anaukodolea macho.

"Utadumu?" daktari aliuliza.

Fundi alifungua mdomo, neno likiwa tayari kwenye ulimi. Akalimeza.

"Kuta kumi za namna hii, nane zinadumu," alisema. "Huu wako sijui. Nitakuja kuukagua kila baada ya miezi mitatu." Kisha akaokota nyundo yake. "Nikiwepo, Daktari."

Daktari aliutazama ukuta, akautazama mguu wa fundi, na yote aliyosomea yakamtoka kwa muda.

"Usijali," alisema.