Mtoto Aliyekuja Kuangalia Kwanza

Mwaka wa 1969, mlimani Kenyenya, Bochaberi alikuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua chinsaga, ile mboga chungu ambayo mwanamke hupewa akishazaa ili arudishe damu. Hizo alizokuwa akizichambua zilikuwa za kuuza sokoni. Ukungu ulikuwa ukishuka polepole juu ya michai, na kati ya mistari yake akatoka msichana mdogo. Alikuwa na paji la uso la Obwocha, mume wa Bochaberi, na masikio ya Bochaberi mwenyewe, kwa hiyo hakuulizwa ni wa nani. Alisogezewa kigoda.

"Mama, mimi ndiye wa mwaka ujao," msichana alisema. "Nimekuja kuangalia kwanza."

Bochaberi alishapoteza mimba mbili, zote katika msimu wa chai nyingi, na alimtaka mtoto huyu kuliko kitu chochote duniani. Alitulia tuli huku msichana akimvuta kope ya chini kama manesi wafanyavyo.

"Damu ni kidogo," msichana alisema. "Nikiingia sasa nitaanguka kama wenzangu. Ule vizuri kwanza. Ule mayai, ule ini, na hii mboga usiuze yote. Kikapu cha chai nacho ukiweke chini kidogo. Na baba apunguze kunywa chang'aa."

Obwocha, aliyekuwa akiingia, alicheka sana. Alisema watoto wa siku hizi hata hawajazaliwa na tayari wana maneno.

Nyanchera, mama mkwe, alimsalimu mgeni kwa heshima, akamuuliza habari za huko atokako. Aliposikia ombi lake alifikiri kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na utaratibu wake, na utaratibu wa Nyanchera haukutikiswa hata na mvua ya mawe.

"Chakula ya mzazi ni ya mtu amezaa," alisema. "Azae, nitampikia uji ya wimbi mpaka achoke. Lakini kukula mbele ya kuzaa? Majirani watasema mokamwana wangu, bibi ya kijana yangu, ni mlafi."

Ila kwa Nyanchera mgeni halali njaa. Yai likachemshwa, akapewa msichana.

Akawa anakuja kila jioni, miguu yake ikiwa na umande hata siku za kiangazi. Jogoo alipochinjwa, ini na firigisi vilipelekwa kwa Obwocha nyumba kubwa, paja akapewa mgeni, na Bochaberi, aliyekuwa ametoka kubeba majani mgongoni hadi kituo cha kununulia chai, akachovya ugali kwenye mchuzi uliobaki. Msichana alinyofoa nyama, akamtia mama yake kiganjani. Nyanchera akaona.

"Mokamwana! Unanyang'anya mtoto chakula?"

Bochaberi aliona haya, akairudisha sahanini. Laiti angeitafuna tu! Lakini nani angethubutu, mbele ya mama mkwe?

Mvua zikaja, zikaenda. Msichana akanawiri, mashavu yakamjaa, gauni likampanda juu ya magoti. Bochaberi akazidi kukonda. Jioni moja walisimama bega kwa bega mlangoni, na msichana akaanza kulia.

"Mama, nimekuwa mkubwa. Siwezi kuingia tena."

Bochaberi aliweka mkono tumboni. Aliumia kama anayezaa, ila hakukuwa na kitu cha kupakata baadaye. Walilia wote wawili mpaka moto ukazimika, kisha Bochaberi akauwasha tena, kwa sababu watu walikuwa hawajala.

Nyanchera yeye alifurahi. Mjukuu amefika akitembea, meno yote kinywani, na hakuna nepi hata moja iliyofuliwa! Akampa jina la Gesare, la marehemu nyanyake Obwocha. Wanawake wa jirani walikuja wakiimba, wamebeba wimbi na chinsaga za mzazi. Uji ulipoiva, Nyanchera aliutazama, akamtazama Bochaberi. Hakuna aliyezaa, kwa hiyo hakukuwa na mzazi. Uji ukanywewa na wageni, nao wakasema ulikuwa mtamu.

Jumatatu Obwocha alileta kikapu kipya cha chai, kidogo, chenye mshipi wa kuvaa kichwani. Mama na binti walichuma mpaka jioni, migongo ikiwauma. Wakati wa kula, Gesare alinyoosha mkono kuchukua yai kama alivyozoea. Nyanchera aliisogeza sahani taratibu, bila ukali wowote.

"Hapana, Gesare. Hiyo ilikuwa ya mgeni. Wewe sasa ni mtu wa nyumba."

Yai likapelekwa nyumba kubwa. Bochaberi alijisogeza kidogo kando ya moto, akampisha binti yake nafasi, akamwonyesha jinsi ya kuinamisha sufuria ili mchuzi uwatoshe wote wawili.