Pindo la Bendera ya Bi Mkubwa

Katika karakana ya kushonea bendera, nyuma ya ofisi za serikali, mataifa mawili makubwa ya dunia hayakutajwa kwa majina yake. Mafundi waliyaita Bi Mkubwa na Bi Mdogo, maana yalikuwa kama wake wenza wanaogombea mume maskini. Bi Mkubwa akijenga daraja, Bi Mdogo analeta matrekta. Serikali ikipiga kura kwenye mkutano wa mataifa, mmoja lazima anune. Msimamizi, mzee waliyempa jina la Rula kwa kupima kila kitu mara mbili, alipenda kusema kwamba mume wa wawili mwisho wake hulala sebuleni. Watu walicheka, kisha vyerehani vikaendelea kunguruma.

Mama Pindo hakuwa akicheka. Aliitwa hivyo kwa sababu mapindo yake hayakufumuka hata kwenye upepo mkali, naye alishona akisali kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Jumatatu ile Rula alileta habari. Serikali imegombana na Bi Mdogo, na Bi Mkubwa anarudi baada ya miaka kumi na saba. Ujumbe wake utatua Alhamisi. Stoo iliyopigwa lakiri itafunguliwa, na bendera zake kumi na mbili zikaguliwe na kupigwa pasi.

Mama Pindo hakuondoa mguu kwenye kanyagio. Kitambaa kilikwisha, na sindano ikaendelea kushona hewa.

Miaka kumi na saba nyuma, mume wake alikuwa kwa Bi Mkubwa akisomea mitambo ya maji. Asubuhi moja barua yake ilifika, na Mama Pindo akaja nayo kazini ili aisome wakati wa mapumziko. Kabla ya saa nne redio ilitangaza kwamba urafiki na Bi Mkubwa umevunjika. Kabla ya saa sita watu wa usalama walikuwa mlangoni mwa karakana, wakitaka kila mwenye ndugu kule atoe barua zote. Mama Pindo alikuwa akishona bendera ya Bi Mkubwa, upande ule wa turubai unaopitishwa kamba ya mlingoti. Aliitumbukiza barua, kabla hajaisoma, ndani ya pindo na kuendelea kushona. Walimpekua mwili mzima wasipate kitu. Jioni bendera zote zilikusanywa, zikafungiwa sandukuni, na stoo ikapigwa lakiri.

Wiki mbili baadaye mume wake alishuka kwenye ndege, akapokewa na gari lisilo na namba. Hakuonekana tena.

Kwa nini alirudi? Wenzake wengi walibaki kule wakapona. Wifi yake, dada wa mume, alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza: "Wewe ndiye uliyemwita." Mama Pindo aliapa kwamba hakumwandikia hata mstari mmoja. Wifi hakuamini, na tangu siku hiyo hakunywa hata maji nyumbani kwake. Wakikutana njiani alivuka barabara.

Kuanzia hapo Mama Pindo hakuweza kupita chini ya bendera. Ikipepea, yoyote ile, alisikia karatasi ikikunjwa na kukunjuliwa ndani yake. Alisikia hata kwenye sala, akiwa amepiga magoti na dirisha limefungwa. Alimwomba Mungu ampe mambo mawili tu: barua ile, na jambo la kumwambia wifi.

Jumanne stoo ilifunguliwa. Alizipapasa bendera pindo kwa pindo, na kwenye ya tano vidole vyake vikagusa kitu kigumu. Mshono wake mwenyewe ulikuwa pale, umekwenda upande kama wa mwanafunzi. Alichukua wembe wa kufumulia.

Karatasi ilikuwa imekauka kama ganda, lakini wino ulikuwa hai.

"Mke wangu," mume alikuwa ameandika, "huku wanasema serikali yetu itahama upande, na sisi tuliosoma huku tutaonekana maadui. Wenzangu wanaomba kubaki. Mimi sijui nimwamini nani, wewe ndiye uliye huko. Ukiona hatari nitumie simu ya maandishi, neno moja tu: baki. Nitabaki, hata miaka kumi. Usipotuma, nitajua hofu ni ya redio tu. Nitapanda ndege ya tarehe ishirini."

Aliisoma mara tatu. Akakaa juu ya sanduku. Rula alikuwa amesimama mlangoni na utepe wake wa kupimia shingoni. Aliiangalia barua, akaliangalia pindo lililo wazi, na kwa namna alivyoinamisha uso Mama Pindo akafahamu kwamba hata siku ile ya kupekuliwa mzee alikuwa ameona, akanyamaza.

"Lishone tena, mwanangu," alisema. "Alhamisi haitusubiri."

Akalishona. Tupu.

Alhamisi mafundi walipelekwa uwanjani kupanga mistari. Bendera kumi na mbili zilipanda, wakubwa wakapeana mikono, na waziri akasema urafiki huu haujawahi kufa. Mama Pindo alikuwa na barua kifuani, ndani ya nguo. Juu yake upepo uliikamata ile ya tano, na karatasi ikalia ndani ya pindo tupu, vilevile kama zamani.

Hakungoja hotuba ziishe. Alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa wifi yake, akabisha hodi. Wifi alifungua mlango nusu, mkono ukiwa bado kwenye kitasa.

"Umefuata nini?"

Mama Pindo alikuwa amesali njia nzima apewe maneno mengine. Hakupewa.

"Ulisema kweli, wifi," alisema. "Nilimwita. Nilimwita kwa kunyamaza."

Akamnyooshea barua. Wifi aliisoma pale pale kizingitini, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alikaa chini, akamsogezea mgeni wake kigoda. Walikaa hivyo mpaka jua lilipoondoka ukutani. Hakukuwa na upepo, na barua ilikuwa imetulia mapajani mwa wifi, lakini wote wawili walikuwa wameinua vichwa, wakisikiliza.